Tulivyoilisha Kamati Pilau Ikatunyima Fungu

Mikindani, Changamwe,
Mombasa.
Jumapili, 21 Novemba 1948.

Mpendwa Kefa, mwana wa mjomba,

Pokea salamu za mtu mkubwa. Naam, mkubwa, soma tena. Nakuandikia nikiwa mjumbe wa Kamati ya Sanaa na Burudani, ile inayogawa fedha za umma kwa wenye ngoma, wenye beni, wenye taarabu na wachoraji wa picha. Nimeketi meza moja na Mzungu. Nimeinua mkono wangu, matajiri wa mjini wakanyamaza wanisikilize.

Basi hapo umekwisha kumwita Pascalia aje asikie, na Pascalia amekwisha kusema, "Huyo mwongo." Mkeo ananijua. Mimi si mjumbe wa kitu. Mezani nilikaa kweli, kwa kuwa nilidhani kile kiti kitupu ni cha mgeni, nikainuliwa kwa kwapa kama mtoto aliyekalia kiti cha padre. Na mkono niliuinua nikiomba ruhusa ya kwenda chooni. Haya mengine nitakayoandika ni kweli tupu, na ningependa yawe uongo.

Hujambo lakini, wewe na mkeo na watoto? Kiuno chako kimepona, au bado watembea kama kaa? Nasikia huko Kisumu mbu ni wakubwa wanabisha hodi. Hapa tu wazima. Mke wangu Nyamvula alishikwa na homa, imemtoka; nadhani aliikaripia mpaka ikaona haya. Meno yangu yaliyosalia yanapatana. Mvua ya vuli imenyesha kidogo, mihogo imesimama. Padre amenikataza tena kushiriki meza ya Bwana kwa sababu ya beni, kwa hiyo Jumapili nakaa nyuma karibu na mlango, ambako kuna upepo mzuri.

Mjukuu wangu Florence, yule uliyemwacha akitambaa, anaolewa siku ya Mwaka Mpya na kijana wa Jomvu, karani wa gatini. Barua hii ni ya arusi hiyo, ingawa nitazunguka kwanza kabla sijafika, maana nina hasira, nami nikiwa na hasira sipiti njia ya mkato.

Umekaa bara mpaka labda umesahau mambo ya kwenu, kwa hiyo nikukumbushe. Beni yetu ya ngoma na tarumbeta, Tufani, iko palepale Mikindani. Mimi ndiye Meja wake, wala hajatokea Luteni wa kunipindua. Beni ya Magongo ni Ngome, na Meja wao ni yuleyule Mwinyihaji, mwenye shingo ya bata bukini. Sisi twaimba, wao wajibu. Wao waimba, sisi twawapasua. Nyimbo zetu zote ni za kuisema Ngome, nyimbo zao zote ni za kuisema Tufani. Tulipotoa ile ya "Ngome yenu ya makuti, mvua ndogo yavuja", Magongo nzima haikulala mpaka wamepata jibu, na jibu lenyewe lilihusu miguu yangu.

Na wajua vizuri kwamba katika beni hakuna hakimu. Mshindi ni aliyevaa akapendeza, aliyelisha watu wakashiba, na ambaye umati umemfuata ukamwacha mwenziwe na vumbi. Ukiwa huna, waazima. Ukiulizwa kama unacho, wasema unacho na cha akiba. Atakayekiri mbele za watu kwamba amepungukiwa, huyo amekwisha. Ataimbwa yeye na wanawe.

Sasa ikaja Kamati. Vita vilipokwisha na vijana wakarudi kutoka Burma wakawa wanakaa vibarazani, wakubwa wa mji waliona afadhali watu wachezeshwe kuliko waachwe wafikiri. Ikatengwa fedha ya umma, yaani kodi yangu mimi na wengine kama mimi, ikakabidhiwa Kamati iigawe kwa wenye sanaa. Mwenyekiti ni Mzungu mmoja mrefu, masikio mekundu, mpole kabisa, hajui lolote. Mwenye kusikilizwa ni Mahfudh, tajiri wa kisiwani, mtu wa maduka, ambaye tangu azaliwe hajapiga hata upatu. Katibu ni Thoya, kijana wetu wa hapa Jomvu, aliyesoma mpaka shingo ikakauka. Yeye havai tai. Tai ndiyo inayomvaa yeye.

Nikueleze wanavyogawa, ucheke au ulie, shauri yako. Chungu kikipakuliwa, kisiwa hula kwanza. Wazungu wanaoigiza jukwaani wakapewa pazia la mahameli, kwa kuwa la zamani limeliwa na nondo. Bwana mmoja anayechora picha za bahari akapewa fedha za rangi, nadhani buluu peke yake. Vyama vya taarabu vyenye wajomba ndani ya Kamati vikapata vinanda. Ukoko uliobaki ndio ukasemwa ni wa sisi wa ng'ambo: Likoni fungu moja, Kisauni fungu moja, Changamwe fungu moja. Chama kimoja tu kila upande. Nilipouliza kwa nini kimoja, Thoya akanijibu, "Ili msigombane, babu."

Msigombane! Mtu amekuta wawili wanacheza bao, akamfukuza mmoja ili mchezo uende kwa amani. Kisha akajipangusa mikono akaenda kunywa chai.

Tukaambiwa Kamati itakuja kukagua, Jumanne Mikindani, Jumatano Magongo, ndipo iamue nani apewe. Kefa, niambie kweli. Ukisikia wakubwa wanakuja kukutazama wewe na adui yako, ili mmoja apewe na mmoja akose, utafanyaje? Utafanya nilivyofanya mimi. Niliita Tufani yote nikawaambia hii ndiyo siku, atakayebakiza kitu nyumbani kwake simjui.

Tukachinja mbuzi wa chama wote, hata yule beberu mzee tuliyekuwa tukimheshimu. Masufuria ya pilau yakapangwa kutoka mlangoni kwangu mpaka kisimani. Kanzu, kofia na viatu tuliazima mpaka Kisauni. Mikufu ya dhahabu Nyamvula aliiazima mjini kwa mabibi wanaomfahamu, na mmoja katika hiyo ulikuwa wa mke wa Mahfudh mwenyewe. Tarumbeta zetu zina matundu, wazijua. Tukaziba kwa nta, tukazisugua kwa majivu na ndimu zikang'aa kama za Sultani. Mazulia chini. Gramafoni juu ya meza. Haifanyi kazi, lakini inaonekana. Mimi nikavaa koti la Meja na medali tatu, moja yangu na mbili za watu.

Wakaja, wakala. Mahfudh alikula kama mtu aliyefunga tangu Rajabu. Akautambua mkufu wa mkewe shingoni mwa mke wangu, nikamwona ameutambua, naye akanyamaza akaongeza nyama. Tukawapigia, wanawake wakacheza, vumbi likapanda mpaka likaingia kwenye chai ya Mzungu, akainywa hivyohivyo.

Kisha mwenyekiti akasema jambo kwa Kiingereza, na Thoya akanigeukia mbele ya Mikindani nzima. "Babu, mwenyekiti auliza: chama chenu kina upungufu gani?"

Mbele za watu, Kefa! Na pembeni nimewaona wapelelezi wawili wa Magongo wamesimama, masikio nje.

"Mwambie hatuna upungufu," nikasema.

"Babu, fikiri kidogo. Ala za muziki, je?"

"Tunazo mpaka nyingine twawaachia kuku watagie."

"Nguo?"

"Huoni?"

"Basi mwahitaji nini?"

"Twahitaji uwanja mkubwa zaidi, huu hauwatoshi watu wetu. Na mwambie Mzungu, akitaka kuazima chochote asione haya."

Vigelegele vikapasua anga. Thoya akainamia karatasi yake akaandika. Mzungu akatabasamu, akanishika mkono akautikisa mpaka medali zikagongana. Nikajua tumewaua Ngome, na siku hiyo nililala nikiwa nimevaa koti.

Kesho yake nikaenda Magongo kutazama mazishi yao. Nikamkuta Mwinyihaji amesimama uwanjani na kanzu iliyochanika begani, miguu mitupu. Nyuma yake Ngome nzima imevaa viraka. Ngoma kubwa imelazwa chini, ngozi yake imepasuka, wala hakuna aliyejaribu kuifunika. Hakuna sufuria, hakuna zulia. Wageni walipewa maji ya mtungi.

Thoya akauliza lile swali lake. Mwinyihaji akatazama umati, watu wake, watu wangu, watu wa sokoni, akasema kwa sauti ya kusikika: "Mabwana, hatuna. Tarumbeta hazilii, wanawake hawana nguo, na mimi Meja wao nimeshindwa kuwapa."

Bi Kuluthum, mkubwa wa wanawake wa Ngome, alijifunika uso kwa buibui lake. Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikamshikilia mtu nisiyemjua nisianguke. Nikarudi Mikindani nikiimba njia nzima, na niliokutana nao nikawasimulia mara mbilimbili.

Wiki iliyofuata tukaitwa tusomewe. Hapo ndipo nilipokikalia kile kiti nikainuliwa. Thoya akasafisha koo, akasema fungu la Changamwe limekwenda kwa Ngome ya Magongo. Kuhusu Tufani ya Mikindani, akasema ni chama tajiri kisichohitaji msaada wa umma, na Kamati yakipongeza.

Yakipongeza, Kefa! Na pilau yetu bado imo tumboni mwao!

Nilimfuata Thoya nje nikamshika ile tai. "We mwana, nani aliyekuambia sisi ni matajiri?"

"Wewe, babu."

"Mimi nilikuwa nashindana!"

"Hayakuwa mashindano, babu. Kamati humsaidia mwenye shida."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mzee Mwinyihaji alikuja ofisini akaniuliza tutatazama nini, nikamwambia. Wewe hukuuliza. Niachie tai."

Meja haulizi. Meja hutokea. Na huyo Thoya babake alipiga filimbi katika Tufani mpaka alipokufa, tukamzika sisi, sanda tukanunua sisi. Alijua kabisa kwamba mtu wa beni hawezi kufungua mdomo akasema hana. Alisimama pale akatutazama tukijimaliza, akaandika. Mzungu namsamehe, yeye ni mgeni wa kila kitu. Thoya simsamehe, na siku akioa nitakwenda arusini kwake nile tu, nisicheze.

Na Mahfudh je? Alijua mkufu si wetu. Neno moja tu kwa mwenyekiti lingetosha, "Bwana, hawa wameazima." Hakulisema. Sasa nikuulize, tarumbeta mpya za Ngome zimenunuliwa duka gani? Duka la shemeji yake Mahfudh. Mimi sisemi kitu. Nataja duka tu.

Baya zaidi likafuata nyuma. Kamati ikatoa amri kwamba ngoma na tarumbeta zisipigwe njiani wala uwanjani ila na chama chenye beji yake. Beji yenyewe ni bati, ukubwa wa kifuniko cha dawa ya viatu. Changamwe nzima beji ni moja, nayo yaning'inia kifuani mwa Mwinyihaji. Sisi tulijaribu kupiga katika hitima ya mzee mmoja, askari wakaja wakaichukua ngoma yetu kubwa, wakaifungia kituoni pamoja na walevi. Mbuzi wamekula wao, ngoma wamechukua wao, pongezi wametuachia sisi.

Sasa waweza kufahamu kwa nini silali. Hapa Mikindani hajatoka bibi arusi kanisani asiongozwe na Tufani. Mamake Florence tulimwongoza. Pascalia wako tulimwongoza, na wewe nyuma yake ukikosea hatua. Florence amenikabili waziwazi: "Babu, nisipoongozwa na Tufani, nitatoka kanisani kama mtu aendaye sokoni. Watasema babu yangu alikuwa mtu zamani." Akalia. Nikamwambia asilie, kisha nikaenda kuwagombeza kuku.

Mjukuu wa Meja aende kimya, au aongozwe na Ngome! Sijui lipi lingeniua kwanza.

Lakini usidhani Ngome wastarehe. Fungu la Kamati lilikuja na kamba yake. Wamekatazwa kumtaja mtu katika wimbo, wamekatazwa kudhihaki chama kingine, na kila watokapo lazima waimbe wimbo wa mafundisho uliotungwa na Thoya. Wa kwanza ni wa kufukia madimbwi ya mbu. Nilikwenda kuusikia. Beti zake haziishi, na mbu hafi. Nguo mpya, tarumbeta zinawaka kama jua, ngoma kubwa yatikisa vifua, na watazamaji ni mimi, mwuza mahindi na mbuzi wa mtu.

Bi Kuluthum alivua utepe wake wa cheo palepale uwanjani. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Mwinyihaji," akasema, "nilivumilia kuitwa maskini mbele za watu. Sikuvumilia nije kumwimbia mbu." Akaenda zake na karibu wanawake wote. Nilifurahi, sikufichi. Nilinunua hindi kwa furaha.

Alhamisi iliyopita, alasiri, nimekaa kibarazani nachonga mpini wa jembe, mara Mwinyihaji huyo, peke yake, bati lake kifuani. Hajapata kukanyaga uwanja wangu tangu sote wawili tuote ndevu.

"Hodi, Meja."

"Karibu, maskini," nikamjibu.

Akaketi bila kukaribishwa mara ya pili. "Umezeeka, Gershom."

"Na wewe umepata bati. Jitikise basi tulisikie likilia."

Akakohoa. Sikumwomba akohoe, alikohoa mwenyewe, kikohozi kirefu kilichomkunja mpaka kofia ikamdondoka magotini. Nyamvula akamletea maji. Akanywa, akaivaa kofia, akakaa akitazama mpini wangu kana kwamba ndio alioujia.

"Nimekuja kuomba," akasema.

"Kuomba umekwisha kuzoea."

Kefa, lilikuwa tusi zuri, la papo kwa papo, nami nikakaa tayari kupokea langu. Halikuja. Tangu tujuane hajapata kuniachia neno likae namna ile. Nikahisi kama mtu aliyepiga hatua akakosa ngazi.

"Nitukane," akasema.

"Nini?"

"Wewe na Tufani yako, mbele za watu, kama zamani. Tangu mnyamaze hakuna ajaye kututazama. Kamati yataka kuona kama twapata watu. Wasipowaona, watazichukua tarumbeta wawape wa kisiwani. Nilijivua nguo mbele ya Magongo nzima kwa ajili ya zile tarumbeta, Gershom. Wewe ulikuwapo. Nilikusikia ukicheka."

"Nilicheka sana," nikasema.

"Najua. Wewe peke yako ndiye uliyecheka. Wengine walinionea huruma."

Akanieleza alivyofikiri, na sikiliza ujanja wa mtu huyu. Siku ya arusi ya Florence, Ngome watapiga, kwa kuwa beji ni yao. Tufani tutatembea mbele ya bibi arusi tukiimba kwa midomo, kwa kuwa amri yakataza ngoma na tarumbeta, haikatazi midomo. Na waliokatazwa kudhihaki ni Ngome. Sisi hatukupewa kitu, kwa hiyo twaweza kusema tupendalo. Kamati wataalikwa siku hiyohiyo. Mikindani yote na Magongo yote watakuja kusikia, na Mzungu ataona watu.

"Yaani ninyi mpige, sisi tuwatukane kwa ngoma yenu wenyewe?"

"Ndiyo."

"Na ninyi mtatujibu nini?"

"Mbu," akasema.

Nilijitahidi nisicheke. Nikasema kwa ukali, "Kwa hiyo nikutukane bure?"

Nyamvula akatoa kichwa dirishani. "Mume wangu, umemtukana bure tangu sijakuzalia mtoto. Leo ndio waanza kudai ujira?"

Basi nimekubali. Asikudanganye mtu kwamba ni kwa mapenzi ya Mwinyihaji. Nimekubali kwa ajili ya Florence, na kwa kuwachukia wale watu wa Kamati. Nataka Thoya asimame pale na tai yake, aone umati ambao hakuuandika. Nataka Mahfudh aje na njaa, maana safari hii tumepanga apewe maji ya mtungi. Florence nimemwambia ataongozwa na Tufani. Kuhusu nani atakayepuliza tarumbeta, bado natafuta siku nzuri ya kumweleza.

Taabu iliyobaki ni moja. Ni lazima wimbo uwe mpya, wa kuuma, wa kumsema Mwinyihaji mpaka watu washike mbavu. La sivyo umati utatawanyika kwenye dimbwi la kwanza la mbu, Mzungu ataona barabara tupu, tarumbeta zitakwenda kisiwani, na mjukuu wangu ataingia nyumbani kwa mumewe kwa mlio wa ndala zake mwenyewe. Nimeketi na kalamu tangu Ijumaa. Wajua mimi katika matusi si mtu wa kukwama. Nimetoa hivi:

Mwinyihaji wa Magongo, tarumbeta yake mpya,
Apuliza apuliza, pumzi zimemwishia,
Ewe Mola mwongezee, kidogo cha kupumua.

Nikamwimbia Nyamvula jikoni. Akaacha kukoroga. "Hilo ni tusi au ni dua?" akaniuliza.

Nimelichana. Nikaandika jingine, la shingo yake, nalo likaishia kumwambia ajifunge kitambaa upepo usimwingie. Kalamu hii ina kasoro, nadhani. Ni ya kanisani.

Msalimie sana Pascalia na umwambie nakubali mimi ni mwongo. Wasalimie watoto, na yule mkubwa mwambie aache kukua, suruali ni ghali. Nyamvula akusalimu, Florence akusalimu na anataka mje arusini. Mungu aliyewatunza huko kwenye mbu wakubwa azidi kuwatunza, awape kula na wa kula naye, na awaepushe na kila mwenye kiti, katibu na mjumbe.

Sasa neno langu. Ulipokuwa ukimtaka Pascalia na sauti yako ni ya mlango wenye kutu, ni nani aliyejificha nyuma ya ua wa mkweo akaimba, wewe ukifungua mdomo tu? Mbwa alimuuma nani? Hakukuuma wewe. Ukaniapia siku ile, huku ukinifunga jeraha, kwamba ipo siku nitakosa wimbo na wewe ndiwe utakayenipa. Nilikucheka. Siku yenyewe imefika, nami naudai: beti mbili tu, za kumtukana Mwinyihaji, zinifikie kabla ya Krismasi. Tia shingo, tia bati, tia mbu, tia lolote, lakini ziwe na meno. Wewe uko mbali, hukukisikia kile kikohozi, waweza kuziandika.

Mimi nikupendaye na ninayekudai,

Gershom Nguma,
Meja wa Tufani